Sanduku la watoto lipo, ufunguo wa tatu hauna mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hunifikia likiwa limeshapoa. Nanunua magazeti ya zamani kwa kilo ili nifungie dagaa, na kabla sijachana ukurasa huwa naupitishia macho kwanza, maana naona si vizuri kumfungia mtu kitoweo kwa habari ambayo mwenyewe sijaisoma. Ndivyo nilivyokutana na picha ya watu kama thelathini hivi, fulana za rangi moja, wamesimama kwenye ngazi za hoteli. Maelezo ya chini yalisema mashirika ya kujitolea yanayohudumia watoto, vijana na familia yameamua kuunganisha nguvu. Ukurasa ule sikuuchana. Mteja nilimfungia kwa ukurasa wa michezo.

Naandika kwa sababu jambo lile nimelitembelea kwa miguu yangu. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, huu mwaka wa ishirini na mbili. Nakaa kwenye mojawapo ya ile mitaa ya mlimani ambako nyumba zimebanwa katikati ya mawe, bodaboda anakushusha chini na kule juu unamalizia mwenyewe ukishikilia magoti. Ni katibu wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, cha wanawake 26, na tangu 2018 ni mjumbe wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu, zile kamati zilizotokana na mpango wa Serikali wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, unaoitwa MTAKUWWA. Jina langu unalo. Naomba usilichape, na mtaa wenyewe siutaji, kwa sababu watoto nitakaowasimulia wanaishi na watu wanaosoma. Mambo madogo madogo nimeyabadili kusudi wasitambulike.

Nianze na kopo. Kuna bibi jirani yetu analea wajukuu wanne. Mwaka 2019 nilimkuta anahangaika kutafuta karatasi fulani, akalimwaga kitandani kopo la mafuta ya kupikia ambalo ndilo kabati lake la nyaraka. Zikatoka kadi nne za mashirika manne, kila moja na nembo yake na namba yake, na zote nne zilikuwa za mjukuu yule yule, binti mkubwa, wakati huo yuko darasa la tano. Nikamuuliza wamempa nini. Akanionyesha mabegi matatu ya shule, vyandarua viwili, na madaftari mengi kiasi kwamba wadogo zake walishaanza kuyageuza vishada. Nikamuuliza, na wewe uliwaomba nini? Akacheka. "Ng'wana wane (mwanangu), hawaulizi hivyo. Wanauliza tuko wangapi."

Alichokuwa anakitaka ni cheti cha kuzaliwa cha yule binti. Ule mpango wa RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kwenye zahanati na ofisi za kata, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ulipofika kwetu uliwakuta wale wadogo, wakapata. Huyu mkubwa umri ulishampita. Wake ulikuwa wa kufuatilia wilayani, na barua ya mtendaji, na uthibitisho wa mahali alipozaliwa. Na huyu alizaliwa nyumbani Kwimba mikononi mwa mkunga wa kijiji, na mama mtu ameshatangulia mbele ya haki. Nikazunguka kwenye ofisi zote nne kuuliza. Cheti hakikuwa kwenye bajeti ya shirika hata moja. Madaftari yalikuwa kwenye bajeti za yote.

Nyumba ya tatu kutoka kwa bibi alikuwa anakaa binti wa miaka 19 na kichanga kilichozaliwa na nyayo zimegeukia ndani. Yule hakuwa na kadi. Shirika la kwanza lilikuwa la yatima, na mtoto yule ana mama. La pili lilikuwa la wasichana walioko shuleni, na yeye shule alishaiacha. La tatu lilifundisha vijana ufundi lakini darasani halikuruhusu mtoto mgongoni. La nne lilikuwa la wagonjwa wa namna fulani, na yeye ashukuriwe Mungu hakuwa mmoja wao. Hospitali walishamweleza kwamba miguu ile hunyooshwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, wiki tano, saba, hata nane, halafu mtoto anavalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, mwanzoni usiku na mchana, baadaye wakati wa kulala tu, mpaka afikishe miaka minne hivi. Tiba haina maajabu. Tatizo lilikuwa nauli ya kila wiki. Alikwenda mara mbili, akaacha, na plasta ya pili aliiloweka kwenye beseni akaitoa mwenyewe.

Sasa sikiliza, Mhariri. Shirika moja kati ya yale manne lilikuwa na gari. Kila Jumanne lilishuka mjini kupeleka taarifa, na viti vya nyuma vitupu. Nilijua kwa sababu dereva wake ni mteja wangu. Nikamwomba ambebe yule binti na mwanawe. Akasema ruhusa si yake. Nikamwendea bosi wake, kijana mstaarabu tu, shikamoo yake haipungui, akanijibu neno ambalo sijalisahau: "Mama, nikimbeba huyo, nitamwandika wapi?"

Siku ile nilidhani ni roho mbaya. Nilikuja kuelewa baadaye, aliponionyesha karatasi zake. Shirika linapewa fedha kwa kuahidi idadi, tuseme watoto 300 na kaya 120. Robo mwaka ikiisha, mfadhili anauliza wamefikiwa wangapi. Mtoto uliyempeleka kwa mwenzio anakuwa wa mwenzio; wewe umepungukiwa mmoja na mafuta umeshachoma. Lakini mtoto mwenye kadi ya mwenzio, ukimwongezea daftari, anakuwa na wako pia. Kwa hesabu hiyo bibi mwenye wajukuu wanne anagombewa, na yule binti wa plasta anakimbiwa, na wote wanaofanya hivyo ni watu wema wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Ndiyo maana picha za hotelini hazinipi usingizi mzuri. Mashirika yakiahidi kushirikiana, mimi nataka kusikia kwanza wamekubaliana nini juu ya kumhesabu mtoto.

Wazo la sanduku lilikuja kipindi cha mbalamwezi. Kwa wasiojua, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwaka hawakusanyiki, mitumbwi inalala siku kumi hivi, na sisi wachuuzi tunapata nafasi ya kufua, kuuguza na kudaiwa. Ndiyo siku kikundi chetu kinapokutana. Tulikuwa tunahesabu hisa, sanduku liko katikati, kufuli tatu, funguo kwa akina mama watatu tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake hata awe mwenyekiti. Nikasema, jamani, vijisenti vyetu hivi ambavyo havinunui hata injini ya mtumbwi tumevifungia namna hii, na habari za watoto wa watu kila afisa anatembea nazo kwenye mkoba wake. Mwenzetu mmoja akajibu, basi tuwanunulie watoto na wao sanduku.

Tulichonga la bati kwa fundi, fedha ikatoka mfuko wa jamii wa kikundi. Ndani tukaweka kaunta buku moja. Nilipopeleka hoja kwenye kamati, mtendaji wa mtaa akauliza mwongozo unasemaje. Hapo nilikuwa nimejiandaa. Tulipoingia kamatini tulipewa semina, na moja ya mambo niliyoyashika ni kwamba MTAKUWWA ya kwanza, ile ya 2017/18 hadi 2021/22, ilitokana na kuunganisha mipango kazi minane iliyokuwa inakwenda kila mmoja kivyake. Nikamwambia, Serikali imeweka mipango minane kwenye kitabu kimoja, sisi madaftari manne yatatushinda? Akacheka, akakubali, kwa sharti sanduku likae ofisini kwake. Tukasema sawa, ila ufunguo wako ni mmoja. Wa pili ukawa wa vikundi vya wananchi, nikakabidhiwa mimi. Wa tatu tukasema ni wa mashirika, wachague wao nani aushike.

Mkutano wa kwanza walikuja watu wa mashirika na vikundi kumi na kimoja. Viti havikutosha, wengine walikaa kwenye jiwe nje wakasikilizia dirishani. Kila mmoja alijitambulisha kwa dakika kumi na shirika lake limeanza lini. Ilipofika saa kumi na moja mmoja akauliza, kwa adabu sana, utaratibu wa nauli ukoje. Nikasema utaratibu ni kwamba kila mtu amekuja kwa yake. Mkutano wa pili walikuja saba. Wa tatu, watano na sisi wa sita.

Lakini hao sita ndio nimefanya nao kazi. Akina mama wa kanisa la hapo chini. Ustadhi wa madrasa. Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, ambaye watu walimshangaa anatafuta nini pale. Shirika dogo lenye darasa la cherehani. Sisi wa VICOBA. Na yule kijana mstaarabu wa shirika lenye gari, karudi! Alikwenda kubishana na ofisi yake wiki mbili nzima, wakamkubalia kwamba kumpeleka mtoto kwa mwingine nako kuandikwe kama kazi: aliyempeleka ahesabu rufaa, aliyempokea ahesabu huduma. Kitu kidogo kama hicho. Jumanne iliyofuata kiti cha nyuma kilikaliwa. Plasta zilikwenda wiki saba mfululizo. Mama mmoja wa kanisa alimsindikiza yule binti kila safari, kwa sababu kilichomkimbiza mwanzo haikuwa nauli peke yake. Alikuwa anaogopa kuuliza maswali mbele ya wauguzi. Viatu vya chuma vililipwa nusu na msikiti na nusu na sisi. Mtoto mwenyewe mwaka huu kaanza darasa la kwanza, na anavyoyarukia yale mawe utatamani umchape.

Nisije nikaonekana natangaza sanduku kama wale wa dawa ya meno. Tulikosea vibaya mwaka 2021. Kwenye daftari tulikuwa na safu ya "sababu": kwa nini mtoto huyu kaandikwa humu. Kila tukifungua sanduku tunaandika yote, mama anakunywa, baba yuko ndani, binti kafanyiwa hivi na ndugu yake. Siku moja daftari lilichelewa kurudishwa, likalala nyumbani kwa mjumbe mmoja, mtu wa nyumbani mwake akalisoma. Baada ya siku tatu habari ya msichana mmoja ilikuwa bombani, kina mama wanaisimulia wakisubiri ndoo zijae. Msichana yule alihama mtaa. Tulikwenda watu watatu kumwomba radhi mama yake. Alitusikiliza amesimama mlangoni, hakutukaribisha ndani, na alikuwa na haki.

Semina ile ile ilitufundisha kwamba kwenye utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Maana yake kwenye mkutano wowote wa wanawake ishirini, wapo. Sisi tuliyajua hayo kwa takwimu, na bado tukayaacha kwenye meza ya kulia chakula. Tulizichana zile kurasa na kuzichoma mbele ya mtendaji, tukachora upya. Sasa daftari lina jina, mtaa, anakaa kwa nani, nani amebeba jukumu, ameahidi nini, kwa tarehe gani, na limetimia au bado. Sababu haiandikwi. Anayehitaji kuijua ni afisa ustawi wa jamii, na yeye ana jalada lake la kiserikali. Daftari halitoki ofisini hata kwa dakika moja.

Safu ninayoipenda ni hiyo ya tarehe. Mtu akiahidi sare za shule kwa tarehe 10, mbalamwezi ijayo tunaisoma kwa sauti. Hakuna faini. Kuna kukohoa tu.

Naomba nafasi kidogo nieleze ya mvulana, maana inahusu kile ambacho mashirika mengi hapa Mwanza yanakifanya, kuwarudisha makwao watoto wanaoishi mitaani. Pale Mwaloni wapo. Wanaokota dagaa zinazomwagika, wanabeba mabeseni, usiku wanalala ndani ya mitumbwi iliyopandishwa nchi kavu. Huyu alikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Alitokea Sengerema kwa kivuko, daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado linajengwa. Shirika moja lilimchukua vizuri, likaongea naye, likamtafuta baba wa kambo, likampeleka na godoro na begi, wakapiga picha ya kukumbatiana. Kwenye taarifa ikaandikwa ameunganishwa na familia. Wiki ya tatu namwona yuko pale pale na beseni langu kichwani, amevaa lile begi.

Zamani ningemlaumu. Safari hii jina lake likaingia kwenye daftari, na ndipo thamani ya kijiwe cha bodaboda ilipoonekana. Mwenyekiti wao alimjua kijana anayeendesha pikipiki upande ule, akamwomba apite tu, kama mtu anayeuliza njia. Majibu yakaja jioni: baba wa kambo anachapa, mama hana kauli, ila yupo shangazi vijiji viwili mbele, ana shamba la mihogo na hana mtoto wa kiume. Lile shirika halikuwa linajua habari ya shangazi kwa sababu mtoto aliulizwa "baba na mama wako wapi", akajibu alichoulizwa. Ofisi ya ustawi ikafuata taratibu zake, shangazi akahojiwa, mtoto akakabidhiwa kwake. Na mara hii mama mmoja wa kanisa mwenye ndugu jirani na pale alipewa jukumu kwenye daftari: piga simu kila mbalamwezi, mwaka mzima. Alipiga. Mara mbili mtoto alikuwa amegoma kwenda shule, mara moja aliugua. Hajarudi Mwaloni.

Wale wa bodaboda, nilipowaambia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki zake kuzifikisha kwenye serikali za mitaa, walishangaa kwamba wao ni "wanajamii". Walizoea kuitwa tatizo la jamii. Siku hizi namba 116, ile ya kupiga bure kuripoti mambo ya watoto, wameiandika kwa rangi kwenye ubao wa kijiwe chao, chini ya bei za kwenda Nyegezi na Igoma. Simu ni bure kweli. Ila ikishapigwa, taarifa inateremka mpaka kwa afisa ustawi, na wa kwetu anahudumia zaidi ya kata moja, hana hata pikipiki, nauli ya kwenda kumtazama mtoto anatoa mfukoni au anangoja shirika lenye mradi limbebe. Kuna siku tulimchangia elfu tano akamtazame mtoto. Nimeiandika kwenye daftari pia.

Kisha ikaja Januari 2025. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi iliyokuwa ikilipwa kutoka huko ikasimama. Kwetu haikuja kama habari ya redio. Ilikuja kama wahudumu wa kujitolea waliokuwa wakizunguka na baiskeli na vishikwambi, ambao Ijumaa moja waliambiwa wavirudishe vishikwambi ofisini. Majina ya watoto, tarehe za kliniki, nani anaishi na nani, vyote vilikuwa mle ndani. Waliondoka navyo, na kusema kweli hata wao walikuwa wanalia. Binti mmoja kati yao alikuja kwangu jioni akaniuliza kama kwenye daftari letu fulani na fulani wamo. Tulifungua sanduku tukahesabu. Majina 63, na 19 yalikuwa yamebebwa na ule mradi uliosimama. Kwa hao 19 tulijua angalau wanakaa kwa nani na waliahidiwa nini. Tukagawana nyumba kwa nyumba, usiku ule ule. Waliokuwa wanahitaji kusindikizwa kliniki walipata wa kuwasindikiza, bila mtu kuuliza kliniki ya nini. Mitaa mingine ambako kila kitu kilikuwa kwenye kishikwambi, waliobaki walianza kubisha hodi upya kama wageni.

Sisemi wafadhili waende zao. Hatukuweza kuziba kila kitu. Lishe ya watoto sita ilikatika na haikurudi, ada ya darasa la cherehani ilikosekana, shirika lenye gari lilibaki na dereva bila gari, baadaye likabaki bila dereva. Vijana wanne waliomaliza cherehani tuliwasaidia kusajili kikundi, waombe ule mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri, kwenye fungu la asilimia nne la vijana. Ni mwaka na ushee sasa wanazungushwa na fomu. Wananiuliza kila wakipita mezani kwangu, nami nawaongezea dagaa kwenye kipimo kwa aibu.

Kwa hiyo hao ndugu zangu wa kwenye ngazi za hoteli, nawaomba machache. MTAKUWWA ya pili imeshaanza, ya 2024/25 hadi 2028/29. Kwa watoto wadogo kuna programu ya Taifa ya malezi na makuzi yao, PJT-MMMAM, ambayo kuitamka tu unahitaji maji ya kunywa. Karatasi hatujapungukiwa. Kabla hamjafungua ofisi kwenye mtaa, nendeni kwenye kamati iliyopo muulize ni nani anaachwa, msiulize wako wangapi. Mkienda kwa mfadhili, mwambieni mapema kwamba mtoto mmoja atahesabiwa na watu wawili waliomsaidia, na kwamba mtaomba fungu dogo lisilo na jina, la cheti, la nauli, la sahani ya ugali ya shahidi aliyetoka kijijini. Na mradi ukiisha, majina yabaki mtaani, yamefungwa, mikononi mwa watu ambao hawatahamishwa. Kama kuna sheria ya kutunza siri za watu inayozuia hilo, tukae tuone inavyowezekana. Sisi tumeshaunguzwa na siri iliyovuja na ndiyo maana tuna kufuli.

Cheti cha yule binti wa kwanza bado. Ameshamaliza darasa la saba, yuko sekondari, na kila fomu anayojaza inakiuliza. Mwaka juzi tulimpata yule mkunga, mzee sana, Kwimba huko, anakumbuka usiku ule kwa sababu mvua ilikuwa imeangusha mti mlangoni. Barua ya mtendaji wa kijiji tumeipata Novemba. Imebaki safari ya wilayani na mtu mwenye lugha ya ofisi wa kwenda naye, kwa sababu mimi nikifika dirishani huwa naambiwa rudi kesho, labda ni harufu ya dagaa.

Jambo la mwisho ni la ufunguo. Ule wa tatu aliushika dada wa shirika la cherehani. Shirika lao lilipofunga, alipitia Mwaloni asubuhi akiwa na mabegi yake, anarudi kwao Musoma, akauweka kwenye beseni juu ya dagaa. Tangu siku hiyo ninao funguo mbili, nimezifunga kwenye ncha ya khanga, na sanduku la kufuli tatu limekuwa la watu wawili. Mtendaji ameshanikumbusha mara tatu kwamba si utaratibu, na ni kweli si utaratibu. Mkutano ujao ni mbalamwezi hii inayokuja, saa tisa alasiri, ofisi ya mtaa. Gazeti lako likiwa na mtu anayetaka kuja, nipigie kwa ile namba niliyokuandikia nyuma ya bahasha, nitashuka chini barabarani kumpokea. Fulana asivae, jua ni kali na kupanda ni kurefu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mchuuzi wa dagaa,
Mwaloni, Mwanza